"Kila mtu na ukweli wake": namna ya kumjibu anayesema hivyo

Kaa barazani Ujiji, hapa Kigoma, au panda daladala ya kwenda Mwanga, dini ikitajwa tu utasikia: "Aa, kila mtu na ukweli wake." Katekista au mwinjilisti aliyesoma kidogo anarukia hapohapo: "Na hilo nalo ni ukweli wako tu, au ni letu sote?" Hoja yenyewe ni sahihi, maana kauli ile inajikata yenyewe: ikiwa ni kweli kwa wote, basi uko ukweli usio wa mtu mmoja. Ila mara nyingi haimfikishi popote, kwa sababu msemaji hakuwa anazungumzia ukweli. Alikuwa analinda amani. Baba mdogo Muislamu, shangazi Mpentekoste, bibi Mkatoliki, na sikukuu zote mnakula sinia moja: hapo lazima iwepo kauli ya kufunga mjadala kabla haujawa ugomvi.

Kwa hiyo mimi huwafundisha wanafunzi waanze na swali hili: "Ndugu yangu, unamaanisha tusigombane, au unamaanisha hakuna aliyekosea?" Akijibu kwamba tusigombane, mkubalie, Mkristo hapotezi kitu. Akisema hakuna aliyekosea, sasa kuna kazi.

Kazi hiyo huanza kwa kutenganisha kauli. Nikisema dagaa wa Kigoma ni watamu kuliko wa Mwanza, hiyo ni ladha (ingawa hapa mjini ukibisha utakula peke yako). Namna ya kumsalimia mkwe ni mila, hutofautiana toka kwa Waha mpaka kwa Wanyamwezi, na hakuna anayehitaji kumsahihisha mwenzake. Lakini iko kauli inayosema jambo fulani lilitokea, na hiyo haifuati ladha wala kabila.

Mfano uko hapahapa. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, aliandika kitabuni kwamba alikutana naye Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilohilo mwishoni mwa Oktoba. Je, kila mmoja ana ukweli wake? Hapana. Walikutana siku moja tu. Angalau mmoja amekosea, na tunajua Livingstone alikuwa amepotewa na hesabu ya siku safarini. Ona mambo mawili hapo. Kutokuwa na uhakika wa tarehe hakulifuti tukio. Na kugundua kwamba mtu amekosea kunawezekana kwa sababu tu kuna kitu cha kupimia.

Hapa ndipo wengi wa upande wetu wanapoteleza: wanadhani kuamini kwamba ukweli unajulikana ni kudai kwamba wao wanaujua wote. Paulo hakudai hivyo. Katika 1 Wakorintho 13:12 anasema anafahamu kwa sehemu, na sura mbili mbele, katika barua ileile, anataja mashahidi zaidi ya 500 wa ufufuko, wengi wao wakiwa bado hai, kisha anasema kama Kristo hakufufuka, mahubiri yake ni bure. Yaani anaweka imani yake mahali inapoweza kuhojiwa. Luka naye anamwambia Theofilo kwamba amezichunguza habari ili "upate kujua hakika". Anayeamini kuwa kila mtu ana ukweli wake hahitaji mashahidi.

Upande wa maadili ni mgumu zaidi, na sipendi ukimbiwe. Hoja ya kwamba kila utamaduni uhukumiwe kwa vipimo vyake tu inavutia, hasa tukikumbuka jinsi mila nyingi njema zilivyoitwa ushenzi na wageni. Lakini njia ya misafara iliyopita hapa kwenda Tabora mpaka Bagamoyo ilibeba pembe za ndovu pamoja na watu waliouzwa. Kwa vipimo vya wafanyabiashara wale, ilikuwa biashara halali. Ukisema walikosea, umeshatumia kipimo kilicho juu ya utamaduni wao. Mkristo husema kipimo hicho kinatoka kwa Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa mfano wake, na kinazihukumu mila za Ulaya sawasawa na zetu.

Ukikaa na jirani Muislamu, usidhani yeye ndiye mwenye hoja ya kila mtu na ukweli wake. Anaamini, kama wewe, kwamba ukweli ni mmoja. Qurani 4:157 inakana kwamba Yesu alisulubiwa. Injili zote nne zinasema alisulubiwa, na Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Haiwezekani zote ziwe sahihi, na jirani yako atakubaliana nawe katika hilo kabla ya kutofautiana nawe katika mengine. Shika suala hilo moja. Msipoambulia mwafaka, usirukie Utatu, kisha nguruwe, kisha vita vya msalaba. Mjadala ukishafika huko hakuna tena anayepima ushahidi, kila mtu anatetea ukoo wake.