Safu ya kromatografia haipimi uzito wa molekuli

Jua la ziwani hukata minyororo ya nailoni, yaani molekuli zake ndefu, ndiyo maana nyavu za sangara pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hulegea na kukatika. Ukitaka kujua minyororo imefupika kiasi gani, utaambiwa: "Ipitishe kwenye kromatografia ya kimiminika, itakupa uzito wa molekuli." Haitakupa, si peke yake.

Safu inayotumika hapa, yaani bomba lililojazwa chembe zenye vitundu, hutenganisha molekuli kwa ukubwa wa umbo lake ndani ya kiyeyushi. Tena ni kinyume cha wavu: kubwa hutangulia kutoka, kwa kuwa haziingii kwenye vitundu hivyo, ilhali ndogo huzurura humo na kuchelewa.

Mwishoni mwa safu, kigunduzi cha kipeo cha mpindo wa mwanga, kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kimiminika, huonyesha tu ni kiasi gani cha polima (molekuli za minyororo kama nailoni) kinapita. Uzito hukisiwa kwa kulinganisha muda wa kutoka na ule wa polima za rejea, ambazo uzito wake unajulikana, mara nyingi polistirini. Lakini nailoni si polistirini! Molekuli yenye matawi nayo hujikunja, huchelewa, na kuonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Mwaka 1967 mwanasayansi wa Ufaransa Henri Benoit na wenzake walionyesha kuwa kipimo cha mnato huziba sehemu kubwa ya pengo hili. Kigunduzi cha mtawanyiko wa mwanga huenda mbali zaidi: mwanga unaotawanyika hutegemea masi yenyewe, bila polima za rejea. Kwa minyororo mifupi sana, hata hivyo, ishara yake hufifia, na nyavu zilizochakaa zina minyororo hiyo tele.