Eggcorn: kosa la Kiingereza lenye mantiki yake

Eggcorn ni neno au msemo wa Kiingereza ambao mtu kausikia vibaya, akauandika kama alivyousikia, na bado ukaleta maana. Hiyo maana ndiyo inayolitenga na kosa la kawaida la herufi.

Jina lilianza mwaka 2003. Mwanaisimu Mark Liberman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alieleza habari za mwanamke aliyeandika "egg corn" badala ya "acorn", tunda la mwaloni. Na ukilitazama tunda lenyewe humcheki: lina umbo la yai, tena ni mbegu. Mwenzake Geoffrey Pullum akapendekeza makosa ya aina hiyo yaitwe hivyo hivyo, na mwaka 2010 kamusi kubwa ya Oxford ikalipokea.

Mfano ninaoupenda ni "in one fell swoop", yaani kwa mkupuo mmoja. Umetoka kwa Shakespeare, kwenye tamthilia yake ya Macbeth. Macduff anaambiwa mkewe na watoto wake wameuawa, naye anauliza: vifaranga vyangu vyote na mama yao, kwa pigo moja la mwewe? "Swoop" ni vile mwewe anavyojitupa kutoka juu. "Fell" hapa si kuanguka, ni sifa ya kale yenye maana ya katili, na leo huikuti sana nje ya msemo huu. Kwa kuwa haijulikani, watu huweka "foul", yaani ovu. Inaeleweka, lakini imekosewa.

"Free rein" ni kumlegezea farasi hatamu aende atakako. Wengi huandika "free reign", wakidhani ni mambo ya utawala, na humo wamo hata waliozaliwa na Kiingereza. "Toe the line", yaani kufuata amri, ni kuweka vidole vya mguu kwenye mstari kama mkimbiaji. "Tow the line", wanavyokosea wengine, ni kuvuta kamba.

Kompyuta mara nyingi haitakushtua, maana "foul", "reign" na "tow" yote ni maneno halali. Na sisi tuliookota sehemu kubwa ya Kiingereza redioni, kwenye filamu na vikaoni, masikio ndiyo yaliyotufundisha. Kwa hiyo ukiwa na shaka, tafuta msemo mzima kwenye kamusi, si neno mojamoja. Ukitafuta "intensive" peke yake utaikuta, kisha utaandika "for all intensive purposes" kwa amani kabisa, wakati msemo ni "for all intents and purposes", yaani kwa hali halisi.