Masikio chini ya maji: acha kupuliza kwa kifua

Sikio likishaanza kuuma chini, ushachelewa. Nawaambia hivyo vijana wa hapa Malindi kila kaskazi ikiingia na kila mtu anataka kuzamia, na karibu wote wanafanya kitu kimoja, bana pua, puliza kwa kifua mpaka macho yatoke, ili masikio yazibuke.

Hiyo ndiyo Valsalva, kwa jina la daktari wa Italia aliyeandika kitabu cha masikio mwaka 1704. Kwa mwenye mtungi wa hewa si mbaya sana, anashuka miguu chini kichwa juu, hewa anayo, likikataa anapanda kidogo anajaribu tena. Tabu iko kwa wanaozamia kwa pumzi moja, wale wavuvi wa kamba mawe hasa, manake wanaingia kichwa chini na hewa ya kifuani inabanwa kila wakishuka: mita 10 imebaki nusu, mita 30 robo tu. Sasa utapuliza na nini?

Hapo ndipo utahitaji njia ya Frenzel, Mjerumani aliyewafundisha marubani wa kijeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kinachofanya kazi ni ulimi, sio kifua. Jaribu hapo ulipokaa: bana pua, funga koo kama mtu anayetaka kukohoa akajizuia, halafu sukuma ulimi juu na nyuma kama unatamka "k" bila sauti. Weka mkono mwingine tumboni. Tumbo likiruka, bado unapuliza kwa kifua, anza upya. Ukipata, kikoromeo kinapanda, pua inatuna chini ya vidole na masikio yote mawili yanalia pa! Wengine wanapata siku hiyohiyo, wengine wiki nzima wanatoa mate tu, usijali, fanya mbele ya kioo ukiwa nyumbani.

Baharini anza kabla hujazama, zibua mara moja ukiwa juu, halafu kila mita au chini ya hapo, usingoje kuhisi kitu. Mita 10 za kwanza ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu presha inaongezeka maradufu hapo, na ukipitiliza mita moja na kitu bila kuzibua ule mrija wa kutoka kooni hadi sikioni unaweza kujifunga kabisa, hata upulize vipi haufunguki. Wala usilazimishe, nguvu hiyo inaweza kupasua sikio la ndani, na hilo ni baya kuliko kiwambo cha sikio kutoboka.

Miwani ya kuogelea isiyofunika pua achana nayo, macho yatavimba damu. Pamba na plagi pia usitie. Na mafua! Watu wanameza dawa ya mafua wanashuka vizuri, dawa inaisha nguvu wakiwa chini, sasa hewa haitoki wakati wa kupanda na sikio linauma kinyumenyume. Ikikutokea panda polepole mno, meza mate, tikisa taya.

Ukitoka maji na damu sikioni, au kizunguzungu hakiishi, au unasikia mlio na sauti za watu zimekuwa mbali, nenda hospitali uonwe na daktari wa masikio siku hiyohiyo, na yule atakayekuletea mafuta ya nazi ya uvuguvugu akutie, mwambie asante lakini hapana.