Damu ya pua: usiinue kichwa, inama

Mtoto akitokwa na damu puani uwanjani, hazipiti sekunde tano kabla mtu hajapaza sauti: "Inua kichwa juu!" Mwingine anakuja mbio na kopo la maji, anammwagia utosini. Nia ni njema, ila kichwa kikiinuliwa damu haikomi, inabadili njia tu. Inateremka kooni, inamezwa, na tumbo halipendi damu. Baada ya muda mtoto anatapika damu nyeusi, na hapo ndipo mama anapiga yowe.

Mara nyingi damu hiyo hutoka mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua, ambako mishipa myembamba imekutana. Vidole vinafika hapo. Akae kitako, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo, ateme damu inayofika kinywani. Abane sehemu laini ya pua, si mfupa wa juu (wengi wetu hukosea hapo), kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Ukichungulia kila mara kama imekoma, unaanza upya.

Hospitalini nako huanza hivyohivyo. Ikigoma, hutumia dawa ya kusinyaza mishipa, huchoma kishipa kwa kemikali iitwayo nitrati ya fedha, au huijaza pua kizibo maalumu. Ikipita nusu saa, au mtu ameumia kichwa, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpelekeni mapema. Yale maji ya utosini yanalowesha shati tu.