Saa ya mtindo wa 1965 kwa vipuri vinavyopatana: anza na mashine

Anayetaka kujiundia saa ya mtindo wa zamani huvutwa kwanza na sura. Ameona kasha zuri, ananunua. Ameona uso mweusi wenye alama za rangi ya krimu, ananunua. Mishale inatoka duka la tatu. Vifurushi vikifika mezani ndipo anagundua kwamba mshale wa sekunde unachezacheza, miguu ya uso haioni tundu lake, na stemu (kijiti cha chuma kinachounganisha mashine na ufunguo, kile kitasa cha ubavuni cha kutilia na kurekebishia saa) haishiki popote. Hakuna kipuri kibovu hapo. Vipuri havijuani tu. Karibu kila kipimo cha saa ya kuunda kinatoka kwenye mashine yake, kwa hiyo mashine ndiyo inayochaguliwa kwanza, na sura inafuata.

Mfano wangu ni saa ya kupigia mbizi kwa mtindo wa ile Seiko ya 1965 ambayo wapenzi wa saa huiita 62MAS. Ndiyo iliyokuwa saa ya kwanza ya kupigia mbizi kutengenezwa Japani: kasha la takriban 37 mm, kina cha 150 m, ndani mashine ya 6217 yenye vito 17, yaani mawe madogo yanayopunguza msuguano. Makasha ya umbo lake yanatengenezwa leo kwa wingi, na mengi yamechongwa kupokea mashine ya NH35. Jambo moja la lugha kabla hatujaendelea: nikisema "namba 3" namaanisha tarakimu 3 iliyoandikwa usoni, upande wa kulia. Kwetu mshale ukifika hapo ni saa tisa, kwa hiyo sitasema "saa tatu", tusije tukachanganyana.

NH35 (jina lake kamili NH35A) huuzwa kupitia TMI, tawi la Seiko linalouzia mashine watengenezaji wengine. Ndani ya saa za Seiko wenyewe mashine hiyohiyo huitwa 4R35. Ina vito 24, kipenyo cha 27.4 mm, unene wa 5.32 mm, mapigo 21,600 kwa saa na akiba ya takriban saa 41. Inakubali kutiwa ufunguo kwa mkono, na ukivuta ufunguo hadi mwisho sekunde inasimama. Mapigo 21,600 ni hatua 6 kwa sekunde. Mashine ya 1965 ilipiga 18,000, yaani hatua 5. Mshale wa sekunde unakaribia sana mwendo wa zamani, na hilo kwangu lina uzito kuliko kioo au mkanda. Mashine ya mapigo 28,800 ni nzuri, lakini sekunde yake inateleza mno kwa saa ya sura hii.

Sasa mishale, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tundu za mishale ya NH35 ni 1.50 mm kwa mshale wa saa, 0.90 mm kwa dakika na 0.20 mm kwa sekunde. ETA 2824-2, mashine ya Uswisi, ina 1.50, 0.90 na 0.25. Miyota 8215, ya Kijapani kama NH35, ina 1.50, 1.00 na 0.17. Zitazame vizuri: mshale wa saa wa zote tatu ni sawa, na ndiyo maana watu hudanganyika. Wanajaribu mshale wa kwanza, unakaa sawasawa, wanaamini seti nzima. Mshale wa sekunde wa ETA ukiuweka kwenye NH35 utaelea, na siku saa ikigongwa utadondoka na kulala juu ya uso. Wa Miyota hauingii. Ukiusukuma kwa nguvu unapinda ncha ya gurudumu la sekunde, na hapo umeingia gharama ya mashine, si ya mshale. Wa dakika wa Miyota utaning'inia kwa sababu tundu lake ni pana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Muuzaji akiandika tu "inafaa mashine za Kijapani", muulize namba hizo tatu. Asipozijua, usinunue.

Kama uso unaoupenda hauna dirisha la tarehe, chukua NH38 badala ya NH35. NH35 chini ya uso usio na dirisha itafanya kazi, ila ufunguo utabaki na hatua ya katikati isiyo na kazi, na usiku utasikia tarehe ikibadilika mahali usipoiona. Tofauti ya bei ni ndogo na usafi wa kazi ni mkubwa.

Uso wa kawaida wa familia hii una kipenyo cha 28.5 mm na miguu miwili nyuma. Tatizo lake ni mahali ilipo miguu. Seiko SKX007, iliyouzwa tangu 1996 hadi 2019, ina ufunguo karibu na namba 4, hivyo mashine ndani yake imezungushwa, na uso uliokusudiwa kasha hilo una miguu mahali tofauti na uso wa kasha lenye ufunguo namba 3. Kwa 62MAS unataka wa namba 3. Ukiwa na uso usiolingana, mafundi hukata miguu kwa koleo kali na kuushika uso kwa vidoti vya gundi ya pande mbili. Njia hiyo inashika, lakini ina gharama zake: vidoti vinaongeza unene chini ya uso, mishale inapoteza nafasi, na kosa dogo la mkono linaacha namba 12 imeinama. Sahani ya tarehe nayo ina tatizo hilohilo. Iliyochapwa kwa ufunguo wa namba 4 inaweza kuonyesha tarakimu zisizokaa sawasawa dirishani kwenye kasha la namba 3. Hubadilishwa peke yake, bila kununua mashine nyingine.

Kuhusu rangi ya kuzeeka. Wanaouza mishale na nyuso za "radiamu ya kale" wanauza rangi ya kisasa isiyo na mionzi, iliyotiwa kahawia kidogo ifanane na rangi ya zamani iliyochakaa. Hiyo ni salama. Nunua uso na mishale kwa mtengenezaji mmoja, na vitazame mchana karibu na dirisha. Krimu mbili zinazotofautiana kidogo huonekana mbali, na saa nzima inaonekana ya kuokoteza. Usichovye uso kwenye chai au kahawa kupata rangi hiyo. Maji yanapanda chini ya rangi na kuivimbisha.

Mishale halisi ya miaka ya 1940 na 1950 ni jambo jingine, na hapa naomba nisikilizwe. Mingi ilipakwa radiamu. Rangi hiyo haing'ai tena, na mtu huhitimisha kwamba imekufa. Kilichokufa ni unga wa zinki uliokuwa ukitoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600, kwa hiyo ipo karibu yote. Ukiukwangua kwa kisu mezani unavuta vumbi lake mapafuni, na vumbi hilo linabaki mezani unapolia chakula. Tritiamu iliyoifuata hupungua nusu kwa miaka 12.3, nayo pia haikwanguliwi. Mshale wa kale wenye rangi inayobomoka utie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika na uache hapo. Kwa saa ya kuunda hauhitajiki kabisa.

Kwa kuunganisha unahitaji bisibisi za 1.2 na 1.6 mm, kibano kisicho na sumaku, kioo cha kukuzia, kifaa cha kubandikia mishale, kipulizio cha vumbi cha mpira, vifuko vya vidole, kalipa ya dijitali, koleo la kukatia, tupa ndogo, grisi ya silikoni na kishikilia mashine cha plastiki. Zima feni. Najua joto la Mombasa na Dar, lakini feni inaleta vumbi chini ya kioo na jasho la kidole linaacha alama usoni ambayo haifutiki bila kuchubua. Afadhali kufanya kazi alfajiri.

Toa stemu kwa kubonyeza kitufe kidogo karibu na inapoingilia, taratibu, huku ukivuta. Usikandamize. Ukibonyeza kupita kiasi, kile kikono cha ndani kinatoka kwenye mfereji wake, stemu haishiki tena, na itabidi ufungue upande wa tarehe kurudisha. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza.

Uso ukishakaa, rudisha stemu na uzungushe mbele hadi tarehe iruke kabisa. Simama hapo hapo. Weka mshale wa saa ukielekea namba 12, kisha wa dakika juu yake, pia namba 12. Usipofuata utaratibu huu tarehe itabadilika saa nne asubuhi. Zungusha mishale mzunguko mzima wa mshale wa saa ukitazama kwa ubavu: mishale iende sambamba na uso, na pawe na mwanya unaoonekana kati yake kila inapopishana. Mshale wa sekunde uje mwisho. Uweke juu ya ncha kwa kibano bila kusukuma, hakikisha umesimama wima, ndipo ubonyeze mara moja kwa kifaa cha plastiki. Tarehe ya haraka, ile inayobadilishwa ufunguo ukiwa hatua ya katikati, isibadilishwe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, wakati meno ya tarehe yameshikana. Hapo ndipo meno ya plastiki hukatika.

Kioo cha kuba kinaipa saa sura ya zamani, lakini urefu wa kuba kwa nje hauongezi nafasi ndani kama chini yake ni bapa. Pima umbali kutoka uso hadi kioo. Saa inayotembea vizuri mezani na kusimama ikifungwa kwenye kasha mara nyingi ina mshale wa sekunde unaogusa kioo, au wa dakika uliorefuka hadi kwenye kipete cha dakika.

Stemu huja ndefu. Skrubu ufunguo bila gundi, ingiza stemu, sukuma hadi ndani, pima mwanya kati ya ufunguo na kasha. Toa urefu huo, lakini kata ukiacha 0.5 mm zaidi, kisha punguza kwa tupa, 0.1 mm kwa mara moja. Funika kipande kwa kidole unapokata. Kinaruka kama risasi. Kwa ufunguo wa kuskrubu, pima ukiwa umeubana hadi mwisho, kwa sababu springi yake inaficha urefu. Stemu ndefu: nyuzi hazishiki au ufunguo haufiki chini. Stemu fupi: nyuzi za ndani ya ufunguo hazipati pa kushika, na siku moja ufunguo unabaki mkononi. Ukiridhika, tia tone dogo kuliko kichwa cha pini la gundi ya Loctite 222 kwenye nyuzi, acha likauke stemu ikiwa nje ya mashine. Gundi ikitiririka ndani, hakuna njia ya mkato ya kuitoa.

Oringi zote (pete za mpira za kuzuia maji) zipake grisi kidogo, zing'ae tu, zisichuruzike. Kasha lililoandikwa 200 m nyuma halijathibitisha chochote hadi lipimwe. Kabla ya kuweka mashine, funga kasha tupu na karatasi ya chooni ndani, lizamishe usiku kucha. Karatasi ikitoka na doa, tafuta njia ya maji: kwa kawaida ni bomba la ufunguo au kioo. Hilo halichukui nafasi ya kipimo cha shinikizo kwa fundi mwenye mashine yake. Bila kipimo hicho, saa hii ni ya mvua na kunawa mikono, si ya kuogelea Nungwi.

Kwa kurekebisha mwendo, tia ufunguo hadi ijae, mizunguko kama 55, iache itulie, kisha ipime. Kifaa cha kupimia, kinachosikiliza mapigo ya mashine, kwa kawaida huja kimewekwa pembe ya 52° (pembe ambayo gurudumu la mizani huzunguka likipokea msukumo). Kwa NH35 weka 53°. Kiwanda kinaruhusu kuchelewa sekunde 20 hadi kuwahi sekunde 40 kwa siku, lakini kwa subira inakubali kuletwa chini ya 10. Kuna vikono viwili juu ya gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Kimoja kinabadili mwendo, kingine kinasawazisha tiki na taki. Wanaokosea kikono wanaona tofauti ya mapigo inapanda ghafla. Irudishe chini ya milisekunde 0.5 kabla ya kugusa mwendo. Sogeza kwa kijiti cha mbao, nywele kwa nywele. Saa iliyokuwa sawa ikianza kuwahi dakika nyingi kwa siku, usiguse vikono kabisa: imeshika sumaku, labda kutoka spika au kifuniko cha simu, na kifaa cha kuondoa sumaku kinaimaliza kwa sekunde chache.

Uso uwe mtupu, au wenye jina lako. Jina la Seiko juu ya uso ambao Seiko hawakuuchapa linaigeuza kazi nzuri kuwa saa bandia, na anayeinunua baada yako hatajua alicho nacho. Andika kwenye kikaratasi aina ya mashine, tundu za mishale, urefu wa stemu uliokatwa na vipimo vya oringi, ukiweke kwenye boksi la saa. Fundi atakayeifungua miaka kumi baadaye atajua aagize nini kabla hajagusa bisibisi.