Bei ya pampu ya joto si bei ya mashine peke yake

Wengi wanaotaka kufunga pampu ya joto nyumbani huulizia bei ya mashine tu, wakidhani ndiyo gharama yote. Sivyo, na hapo ndipo bajeti nyingi huvurugika.

Pampu hii haichomi kitu. Huchota joto lililo nje, hewani au ardhini, na kulisukuma ndani, likipasha maji yanayozunguka kwenye mabomba ya nyumba. Hufanya kazi vizuri zaidi ikipeleka maji ya nyuzi 35 hadi 50 za Selsiasi, ilhali boila ya gesi, yaani mtambo unaochoma gesi kupasha maji, huweza kupeleka ya 70. Kwa hiyo radieta (bamba la chumbani linalopashwa na maji hayo ili litoe joto) iliyokuwa ikitosha huenda isitoshe tena: itabidi ufunge kubwa zaidi, au ulaze mabomba chini ya sakafu. Bado tangi la maji moto, nyaya na ujira wa fundi. Ukitaka ya ardhini, kuna kuchimba, na kuchimba ni ghali mno.

Kinachonisikitisha ni mtu kuuziwa pampu kubwa kupita kiasi eti kwa usalama. Analipa zaidi, kisha mashine inawaka na kuzima kila mara hadi inachakaa mapema. Fundi apime kwanza joto linalopotea, chumba kwa chumba. Ukiziba nyufa za madirisha na kuweka kihami darini ili joto lisitoroke, mara nyingi pampu ndogo inatosha.

Na bili? Mfumo uliofungwa vizuri hutoa takribani uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme. Kama utaokoa pesa, itategemea umeme ni ghali kiasi gani kuliko gesi unakoishi.