Wastani wa mpigaji: hesabu ya kriketi isiyogawanywa kwa mechi

Mpwa wangu alirudi kutoka mazoezi ya kriketi huko Parklands na swali la kunong'ona. "Anko, kocha amekosea hesabu, na amekosea kwa faida yangu. Nimwambie?"

Msimu huo alikuwa amepiga mara 5: mikimbio (alama za kriketi) 40, 12, 0, 63 na 25. Jumla 140. Ukigawanya kwa 5, kama tulivyofundishwa darasani, unapata 28. Kwenye ubao wa timu, mbele ya jina lake, paliandikwa 46.67.

Kocha hakukosea. Zile 63 na 25 zilikuwa na kinyota kidogo pembeni, na kinyota hicho kina maana kwamba mpigaji hakutolewa, yaani wapinzani hawakufaulu kumwondoa uwanjani. Mchezo uliisha yeye bado amesimama kwenye wiketi, vile vijiti anavyovilinda mpigaji, na gongo lake mkononi. Wastani wa mpigaji ni jumla ya mikimbio yake ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Haijalishi alicheza mechi ngapi wala alishika zamu ngapi. Kijana alitolewa mara 3 tu: 140 kwa 3 ni 46.67.

Wengi wetu hapa Nairobi tumelelewa na mpira wa miguu, ambako mabao unayagawanya kwa mechi na mambo yanaishia hapo. Kriketi inauliza jambo jingine: wapinzani wakitaka kumtoa mtu huyu, watalipa mikimbio mingapi kabla hawajafanikiwa? Ione kama bei ya wiketi yake. Siku ambayo hakutolewa, hakuna aliyeinunua, kwa hiyo mikimbio ya siku hiyo inaongezwa juu ya bei, lakini mauzo hayahesabiwi. Bila kanuni hii tungemwonea mchezaji anayeingia ova (mafungu ya mipira 6) zikiwa zimebaki mbili, akapiga 15 haraka haraka, muda ukaisha. Kumhesabia 15 hizo kama zamu iliyokamilika ni kumwadhibu kwa kosa la saa.

Kanuni hiyo ina mlango wa nyuma, bila shaka. Mtu anaweza kujilinda mwishoni mwa zamu, akipigapiga taratibu ili asitolewe, wastani ukanenepa huku timu ikikosa mikimbio. Ndiyo sababu katika michezo ya ova chache wastani hausomwi peke yake. Unawekwa kando ya kasi, yaani mikimbio anayopata mpigaji kwa kila mipira 100. Mimi nikisikia mtu akisifiwa wastani wake tu, huuliza kasi yake kabla sijapiga makofi.

Lakini uongo mkubwa wa wastani uko mwanzoni mwa safari ya mchezaji, na ushahidi wake uko hapa hapa mjini, uwanja wa Nairobi Gymkhana. Tarehe 4 Oktoba 1996 Pakistan walikuwa wakicheza na Sri Lanka. Shahid Afridi, ambaye rekodi zilimpa umri wa miaka 16 (yeye mwenyewe baadaye alisema umri huo haukuwa sahihi), alikuwa ameletwa kikosini kama mrushaji wa mipira ya kuzunguka, kujaza nafasi ya Mushtaq Ahmed aliyeumia. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kenya, hakupata hata nafasi ya kupiga. Siku hiyo wakampandisha juu aingie mapema, akashika gongo lililokuwa la Sachin Tendulkar, nyota wa India, alilolipata kupitia kwa mwenzake Waqar Younis. Alifikisha mia, yaani mikimbio 100, kwa mipira 37. Alipotolewa alikuwa na 102 kwa mipira 40, sita (mpira unaovuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, mikimbio 6) zikiwa 11. Rekodi hiyo ya mia ya haraka zaidi katika mechi za kimataifa za siku moja ilidumu hadi Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipoipunguza kwa mpira mmoja.

Jioni ile, kwa kanuni, wastani wa Afridi ulikuwa 102. Ametolewa mara moja, kwa bei ya 102. Alipoziacha mechi za siku moja mwaka 2015, akiwa na mikimbio 8,064, wastani wake ulikuwa 23 na ushei. Hakuharibika njiani, bei ile ya kwanza ilitokana na mauzo mamoja tu, na hakuna mfanyabiashara wa Gikomba anayepanga mwaka wake kwa mteja wa asubuhi ya kwanza. Kasi yake, kwa upande mwingine, ilibaki kubwa mpaka mwisho: mikimbio 117 kwa mipira 100. Namba hizo mbili zikikaa pamoja ndipo unamwona Afridi mwenyewe: rahisi kumtoa, ghali kumchelewesha.

Mwaka 2000, miaka minne baada ya siku ile ya Afridi, uwanja ule ule wa Gymkhana, Yuvraj Singh wa India, umri miaka 18, alipiga 84 dhidi ya Australia mara ya kwanza kushika gongo kimataifa. Naye angekuwa amehukumiwa vibaya kama angepimwa kwa siku ile pekee, ingawa kwake siku ile ilisema kweli zaidi.

Uongo huo hukata hata upande wa pili. Don Bradman wa Australia alianza mechi za Test, zile ndefu za kimataifa za siku kadhaa, mwaka 1928, akiwa na miaka 20, kwa 18 na 1. Ametolewa mara 2, wastani 9.5, akaachwa nje mechi iliyofuata. Alimaliza mwaka 1948 na 99.94, namba ambayo hakuna aliyeikaribia tangu hapo. Zamu yake ya mwisho, kule uwanja wa The Oval, London, alihitaji mikimbio 4 tu ili amalize na 100 kamili. Eric Hollies, mrushaji wa England, alimtoa kwa sifuri. Mikimbio 6,996, kutolewa mara 70.

Mpwa wangu alikwenda zake na 46.67 yake kifua mbele. Jumamosi iliyofuata akatolewa kwa 4. Mikimbio 144, kutolewa mara 4: 36. Safari hii alipiga hesabu mwenyewe ndani ya matatu, na hakudai kocha amekosea.